Hodi, Sijaelewa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani. Nawashukuru sana, ila nyie nanyi! Mtu ameamrishwa na kengele maisha yake yote, siku anaachiwa mnampa saa. Hata hivyo nimeitundika sebuleni. Asubuhi nikiitazama najiambia kwamba sasa hivi kipindi cha kwanza kinaanza, na mimi ndiyo kwanza nachemsha chai.

Mwalimu mmoja kijana, simtaji jina lakini anajijua, alinivuta pembeni siku hiyohiyo akaniomba niwaandikie siri ya kuwafundisha wale watoto ambao shule nzima imeshawakatia tamaa. Siri sina. Nina mlango tu. Nitawaeleza habari za mlango huo, na za msichana mmoja aliyekaa pale akashindwa kuingia, na mengine nitakayoyakumbuka njiani. Habari za kupandishwa daraja ziko kwenye faili langu, anayezitaka akazifukue huko.

Mimi ni mtoto wa Babati hapahapa. Baba yangu alikuwa na duka la rejareja karibu na soko, akiuza sukari, mchele, mafuta ya taa na kanga, na hesabu nilizijua kwenye mizani yake kabla sijazikuta ubaoni. Nilisomea ualimu, nikafundisha mbali na nyumbani, halafu mkoa wa Manyara ukaanzishwa na Babati ikawa makao makuu, nikaomba kurudi. Mji ulikuwa na mchecheto siku zile. Ofisi za mkoa zilikuwa zinanuka rangi mbichi, kila mwenye kiwanja anachimba msingi, na shule za sekondari zinaota kila kata. Ya kwangu ilikuwa na madarasa machache ya matofali ya kuchoma, kengele ya ringi ya gari, na madirisha yasiyo na vioo. Tuliambiwa vioo viko njiani. Vilikaa njiani muda mrefu sana.

Mkuu wa shule alikuwa Mwalimu Petro, mtu wa Mbulu, mrefu, msema taratibu. Alinipokea kwa chai, akaniuliza habari za wazazi, za safari, za mvua, mpaka nikajua kuna jambo gumu linakuja.

"Mwalimu Zuhura, nimekupa hesabu za kidato cha pili," akasema. "Mkondo C."

Walimu wengine waliokuwa ofisini wakainamia madaftari yao, mmoja akikohoa kikohozi kisicho na mafua.

Nilikuja kujua baadaye kwamba mkondo C ulikuwa na jina lake pale ofisini. Waliuita Chumba cha Kusubiria. Ndimo walimowekwa waliofeli mtihani wa taifa wa kidato cha pili wakawa wanarudia, pamoja na wale ambao kila mtu aliamini watafeli. Utaratibu wa wakati huo ulikuwa hauna huruma: ukifeli mara ya kwanza unakariri darasa, ukifeli mara ya pili shule imekuaga. Kwa hiyo waliona wale watoto wanasubiri kuondoka tu. Chumba chenyewe kilipakana na stoo ya majembe, na ubao wake ulikuwa umechakaa kiasi kwamba chaki ilikuwa inateleza bila kuacha alama.

Nilianza na ubao. Msicheke, ndiyo kazi yenyewe hiyo. Tulikusanya betri kuukuu za redio, tukatoa ule unga mweusi wa ndani, tukauchanganya na maji ya majani ya viazi, tukapaka, tukaacha ukauke. Mwalimu Petro alikuja kuangalia, akanifundisha na jambo lake moja: chaki mpya uivunje katikati kabla ya kuandika, ukiiandikia nzima inapiga kelele na darasa zima linakunja uso. Mpaka nastaafu nimevunja chaki kila asubuhi. Wengine wana dua, mimi nina hiyo.

Basi nikafundisha. Nilianza na sehemu, maana nilitaka kuanza na kitu chepesi, na nilifundisha vizuri, wallahi. Nikachora, nikapaka rangi, nikageuka.

"Mmeelewa?"

"Ndiyooo, mwalimu!"

Nyie mnaijua hiyo sauti. Darasa zima kwa pamoja, kama wanaimba. Nikasonga mbele nikiwa nimefurahi, nikawaza kwamba hao wenzangu walioita mahali hapa Chumba cha Kusubiria ni wavivu tu. Baada ya wiki kadhaa nikatoa jaribio. Loh! Karatasi zilirudi nyeupe, na zile zilizoandikwa ni afadhali zingekuwa nyeupe. Nilikwenda kwa Mwalimu Petro nimevimba.

"Wananidanganya hawa watoto!"

"Hawakudanganyi. Wanakuheshimu," akasema. "Wewe ni mkubwa, umesimama, umehangaika. Mtoto mwenye adabu atasemaje hakuelewa? Si itakuwa amesema wewe hujui kufundisha?"

"Sasa nifanye nini na heshima inayofelisha watu?"

"Hiyo ndiyo hesabu yako, mwalimu. Mimi nafundisha jiografia."

Mwenye adabu kuliko wote alikuwa Veronika. Aliketi dawati la katikati, shingo imenyooka, mwandiko wake unapendeza mpaka walimu wengine walikuwa wakimwomba awaandikie matangazo. Kila nilichoandika ubaoni alikinakili bila kukosa nukta. Kwao ni Bonga, wakulima, na kwa kuwa ni mbali kwenda na kurudi kwa miguu kila siku, alikuwa amepanga chumba Bagara na wasichana wenzake wawili, wanapika wenyewe, wanajiamsha wenyewe. Mnajua wasichana wangapi tumewapoteza kwenye vyumba hivyo vya kupanga. Yeye alikuwa anafika shuleni kabla ya kengele, kila siku, na alikuwa ameshafeli mara moja.

Baba yake nilimfahamu kwenye kikao cha wazazi. Hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alinisalimia, akaniambia wazi, mbele ya binti yake:

"Mwalimu, mwaka huu ndio wa mwisho. Akifeli tena anakwenda Arusha kwa dada yangu, akalee watoto. Nimeshamwahidi dada."

"Veronika, wewe umekubali?" nikamuuliza.

"Ndiyo, mwalimu."

Jioni ile, baada ya wazazi kuondoka, nilimkuta nyuma ya stoo ya majembe, analia kwa kujibana ili sauti isitoke. Nikachutama karibu yake. Aliniambia hataki kwenda Arusha. Aliniambia anataka kuwa nesi, tangu siku mama yake alipojifungua mdogo wake na nesi mmoja akamtuma yeye, mtoto, ashike taa. Hakuwahi kumwambia mtu. Niliondoka pale nikijiuliza kosa langu liko wapi, maana binti mwenye hamu namna ile anatoka kwangu na sifuri, na akiulizwa anasema ameelewa.

Halafu ukaja mtihani wa majaribio wa shule yetu wenyewe. Siku hizo tulikuwa tunachapa mitihani kwa mashine ya kurudufu, ile ya stensili na wino, ambayo ikiamka vibaya inameza karatasi. Nilisimamia mwenyewe. Katikati ya mtihani nikamwona Veronika amefunika kalamu, amekunja mikono juu ya dawati, ametulia. Nikadhani amemaliza, nikafurahi. Wakati wa kukusanya ndipo nikaiona karatasi yake. Ukurasa wa pili mashine haikuchapa kitu. Ulikuwa mtupu juu mpaka chini. Alikuwa amekaa mbele ya ukurasa huo muda wote uliobaki, kimya.

"Veronika! Mbona hukunyoosha mkono?"

Akainamisha kichwa.

"Hukuona kwamba maswali hayapo?"

"Niliona, mwalimu."

"Sasa?"

"Niliona si vizuri kusema walimu wamekosea."

Nilishindwa kumgombeza. Nilikaa kwenye dawati la pembeni na karatasi ile mkononi, nikaelewa kwamba sipambani na hesabu. Huyu mtoto angeweza kujua sehemu zote za duniani na bado akafeli kwa adabu. Na mbele yake kulikuwa na mtihani wa taifa ambao nisingekuwepo chumbani, kwa kuwa siku hizo walimu tunahamishwa tukasimamie shule za wenzetu.

Usiku sikulala vizuri, na alfajiri wazo likanijia wakati jirani alipokuja kuomba moto. "Hodi," alisema. Nikamjibu, "Karibu." Nikafikiri, hawa watoto wangu wana adabu, sawa. Basi nitaitumia hiyohiyo adabu yao. Mtoto mwenye adabu haingii nyumba ya mtu bila hodi.

Asubuhi nilisimama mlangoni mwa mkondo C, mikono huku na huku, nimeziba.

"Leo humu haingii mtu bila hodi," nikawaambia. "Na hodi ya chumba hiki ni kuniambia kitu kimoja cha jana ambacho hujakielewa. Ukisema, nitakuitikia karibu. Asiyesema ni kama hajabisha."

Walitazamana. Wa kwanza kusogea alikuwa Idrisa, mtoto wa muuza vifaa vya ujenzi mjini, kijana wa "mambo, poa" ambaye masomo alikuwa anayasinzilia tu.

"Hodi, ticha. Sijaelewa kwa nini hizi hesabu ziligunduliwa."

Wenzake wakaangua kicheko.

"Karibu," nikasema. "Kaa dawati la mbele, leo tunaanzia hapo."

Na kweli tulianzia hapo. Nilimuuliza baba yake akiletewa mteja mwenye nyumba ya vyumba vitatu anajuaje amuuzie mabati mangapi. Tukachora nyumba ubaoni, tukabishana mpaka kengele. Idrisa alishtuka kipindi kimekwisha na hajalala, alijiona kama ameibiwa kitu.

Hivyo ndivyo mlango ulivyoanza. Mwanzoni wengi walitania. Baadaye wakaanza kusema vya kweli, kwa sauti ya chini, kwenye sikio langu: sijaelewa ile alama, sijaelewa kile Kiingereza cha swali la pili, sijaelewa tangu darasa la nne. Hilo la darasa la nne niliambiwa na watu wengi kuliko mnavyodhani. Sikumcheka hata mmoja. Kila aliyesema nilimwitikia karibu, kwa sauti, kama mgeni niliyekuwa namngoja. Shule nzima ikaanza kuniita Mama Sijaelewa. Nikalipokea jina, lina ukweli kuliko mengi niliyopewa.

Veronika akakwama.

"Hodi, mwalimu."

"Sema."

"Nimeelewa."

"Yote?"

"Ndiyo, mwalimu."

Wengine waliosema hivyo niliwapa chaki wanifundishe mimi, na kabla ya kufika ubaoni walikuwa wameshakumbuka wasichokielewa. Yeye nilipompa chaki aliishika, akasimama, machozi yakamtoka. Sikurudia. Nilitoa kiti changu mwenyewe ofisini nikakiweka pale kwenye kizingiti. Nikamwambia akae hapo, ubao anauona, sauti anaisikia, hakosi kitu. Siku akipata hodi ataingia.

Alikaa mlangoni siku baada ya siku, daftari mapajani, upepo unampeperushia kurasa. Kila asubuhi nilimuuliza, kila asubuhi ameelewa. Walimu wenzangu wawili walinifuata kuniambia ni ukatili. Niliwajibu kwamba kiti kile kina egemeo na madawati ya ndani hayana. Lakini jioni nikiwa peke yangu nilikuwa naogopa, nawaambia kweli. Mtihani unakaribia na mtoto bado yuko kizingitini.

Habari hazikawii. Mtu wa Bonga aliyekuja sokoni alipita shuleni akamwona, akapeleka habari, na kesho yake baba yake akafika na baiskeli, koti limefungwa mpaka juu. Akamkuta binti yake ameketi mlangoni, wenzake ndani. 

"Shikamoo, baba," Veronika akasema, akasimama.

"Marahaba." Akanigeukia. "Mwalimu, mwanangu amefanya kosa gani hata akawekwa nje?"

Nilimweleza, nami nikiwa na wasiwasi nina tabia ya kusema haraka. Nikamweleza kuhusu ukurasa mtupu, kuhusu mtihani wa taifa na wasimamizi wageni, kuhusu hodi, kuhusu Kiingereza cha maswali, kuhusu yote, kwa pumzi moja.

"Umenielewa, Baba Veronika?"

"Ndiyo, mwalimu," akasema.

Ndani Idrisa akakohoa. Hata mimi nikasikia lile jibu lilivyotoka, maana nilikuwa nalisikia kila siku. Nikashusha sauti.

"Baba, nisamehe. Kweli umenielewa?"

Mzee alinitazama. Akatazama kizingiti, kile kiti, binti yake, na wale watoto wote ndani waliokuwa wamesimamisha kalamu. Akavua kofia. Kiswahili amekijua ukubwani, aliniambia baadaye, nyumbani kwao ni Kiiraqw tupu, na kwa miaka mingi amekuwa akiitikia ndiyo kwenye ofisi za watu kisha anakwenda kuuliza nje.

"Nusu," akasema. "Unasema mbio sana, mwalimu. Hapo kwenye ukurasa mtupu nimepotea."

"Karibu," nikamwambia. Neno lilinitoka lenyewe.

Darasa lilipiga makofi, na mzee akacheka, akashangaa anachopigiwa makofi. Tuliketi, yeye kwenye kile kiti, mimi kwenye kizingiti, nikamweleza upya taratibu. Safari hii aliuliza. Aliuliza sana. Alipotaka kuondoka alimwambia binti yake maneno machache kwa Kiiraqw ambayo sikuyaelewa, na nikamuuliza maana yake, kwa sababu sheria ni sheria.

"Nimemwambia, kama mimi na mvi hizi nimesema mbele ya watoto, yeye anasubiri nini?"

Kesho yake Veronika alikuwa wa kwanza mlangoni. 

"Hodi, mwalimu."

"Sema, mwanangu."

"Ukijumlisha nusu na robo, sijaelewa kwa nini hujumlishi tu vya juu na vya juu, vya chini na vya chini. Sijawahi kuelewa. Tangu shule ya msingi."

Nilimwitikia karibu. Akaingia akaketi dawati la katikati. Asubuhi ile niliacha somo nililopanga. Nilituma vijana dukani kwa baba wakaleta makopo ya vipimo, kibaba, nusu kibaba na robo, na gunia la mahindi, nikawaambia wapime wenyewe. Watoto wa wakulima hao, vipimo wanavijua kwa mikono. Veronika alimwaga robo kwenye nusu, akachungulia, akamwaga tena. Ghafla akainua uso.

"Kumbe ile nusu ni robo mbili tu!"

"Ndiyo, mama."

"Sasa kwa nini hamkusema?"

Jamani! Mtoto aliyekuwa hawezi kusema mashine imekosea, sasa ananigombeza mimi. Nilifurahi mpaka nikamwaga mahindi.

Kuanzia hapo tulifanya kazi. Sitawapambia: tulirudi mpaka hesabu za darasa la nne, tukapanda nazo polepole, haba na haba hujaza kibaba, kwanza kwa Kiswahili mpaka jambo likae, halafu tunalivalisha Kiingereza chake cha mtihani. Wengine walipanda haraka, wengine walikuwa wanateleza kila Jumatatu. Veronika alikuwa na hodi kila asubuhi, wakati mwingine mbili, na akiona mwenzake anadanganya kuwa ameelewa anamvuta sketi.

Siku ya mtihani wa taifa wa hesabu mimi nilikuwa nasimamia shule nyingine, upande wa Mutuka. Mvua ilinyesha, ile ya vuli ya kubomoa. Nilisimama mbele ya watoto wa watu, akili yangu iko kwa wangu, sina namna ya kujua chochote.

Niliyoyajua niliambiwa baada ya mitihani, kwenye hoteli moja mjini, na yule mwalimu mgeni aliyesimamia chumba chao. Hakunijua. Alikuwa anawasimulia wenzake mezani huku akimenya yai.

"Pale kuna msichana, aisee! Nimesimama nasoma maelekezo, mvua inapiga bati, hata mwenyewe sijisikii. Kwamba kila ukurasa waandike namba ya mtahiniwa, wasithubutu kuandika jina. Namaliza, nauliza mmeelewa, chumba kizima yes sir. Nageuka kugawa karatasi, naona mkono uko juu. Nikamuuliza, wewe nini? Anasema, 'Samahani, mwalimu, sijaelewa.' Nilitaka kumkaripia."

"Ukafanyaje?" nikauliza kutoka meza ya pili.

"Nikawauliza wengine, nani mwingine hajaelewa? Mikono ikaanza kuinuka, mmoja, wawili, nusu ya chumba, hata wale wa mkondo A waliokuwa wanaitikia kwa nguvu! Ikabidi niandike yote ubaoni. Hivi wangeandika majina kila mahali ingekuwaje?"

Nilimlipia chai yake. Mpaka leo hajui kwa nini.

Matokeo yalipobandikwa, Veronika alikuwa amepita. Hakupita kwa kishindo, alipita kwa kujipenyeza, na kwangu kupenya ni kuingia. Baba yake alikuja na jogoo amemfunga kwenye baiskeli.

"Arusha je?" nikamuuliza.

"Nimempigia dada simu. Nimemwambia, dada yangu, nimefikiri sana, na sijaelewa kwa nini mtoto wangu akalee wa kwako."

"Akasema nini?"

"Amekasirika," akasema kwa furaha kubwa. "Atapoa."

Veronika aliendelea mpaka kidato cha nne, akaenda chuo cha uuguzi, akapangiwa kazi mkoa mwingine, tukapoteana kama mnavyopoteana na wanafunzi. Idrisa alipita pia. Leo ndiye mwenye lile duka la vifaa vya ujenzi, na ukimwambia vipimo vya paa lako anakutajia mabati kabla hujamaliza sentensi. Wako ambao mlango haukuwatosha. Yuko msichana aliyeacha kuja na nilipofika chumbani kwake nikakuta kufuli. Yuko kijana aliyekwenda migodini Mirerani na sijasikia habari zake tena. Hao nawakumbuka kwa majina na sitawaandika hapa.

Lakini mkiniuliza kama ilikuwa na faida, nawajibu bila kupepesa. Watoto wa mkondo A wanafika kwako wakiwa wameshajua wanakwenda wapi, wewe ni kituo tu. Yule wa mkondo C akielewa jambo moja, unaliona linaingia, unaliona usoni, na unajua wewe ulikuwepo. Nilipewa madarasa ya mbele mara kadhaa na kila mara niliomba kurudishwa Chumba cha Kusubiria. Hiyo ndiyo raha niliyoipata kazini, na niliipata tele, alhamdulillahi.

Sasa la mwisho, maana chai inapoa.

Miezi michache baada ya kuniaga nilianguka jikoni. Binti yangu akanikimbiza hospitali, wakapima, presha iko juu mno. Nililazwa siku chache. Siku ya kuruhusiwa daktari kijana, mpole sana, alinieleza dawa zangu: hiki asubuhi, hiki jioni, hiki nusu, hiki usimeze pamoja na kile, na ukiona hivi acha, na ukiona vile usiache kabisa. Alikuwa na foleni ndefu nje na jasho kwenye paji la uso. Nikamwonea huruma.

"Umeelewa, mama?"

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Nikachukua mfuko wangu wa dawa, nikasimama, nikaenda mlangoni. Mlango ulikuwa umezibwa. Nesi mmoja alikuwa amesimama pale, gauni jeupe, mikono huku na huku, na shingo ile iliyonyooka ningeitambua popote.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba! Veronika! Umehamia lini huku?"

 Hakuondoa mikono.

"Nimesikia ulivyomjibu daktari," akasema. "Hapa hatoki mtu bila hodi."

Nilitaka kucheka, nikakuta nalia. Nilitazama ule mfuko mkononi, vidonge vyeupe na vya njano, na ukweli ni kwamba nilikuwa sijui hata kimoja ni cha saa ngapi.

"Hodi," nikasema. "Hiki cha nusu sijakielewa."

"Karibu, mwalimu," akasema Veronika, akanivutia kiti.